Kitako cha Bunduki na Lugha ya Karakana

Mwanafunzi wangu mmoja alidai darasani kwamba Kiswahili ni lugha ya mashairi na mahubiri, na kwamba ukikipeleka karakana kitaishiwa na pumzi. Akanitaka nimweleze kwa Kiswahili bunduki aliyoiona pichani: ile ya kuwindia ndovu na nyati, ambayo hukongolewa ikatiwa katika sanduku fupi. Mimi si mwindaji, na uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977. Hata hivyo nilikubali.

Nilianza na majina. 'Bunduki' latokana na neno la Kiarabu la aina ya kokwa iliwayo. 'Kasiba', yaani mtutu, asili yake ni tete. 'Kitako' ni chetu wenyewe.

Kisha nikaeleza kazi. Kampuni ya Rigby ya London ilitoa risasi yake ya .416 mwaka 1911, yenye unene upatao milimita 10.6; Holland & Holland ikatoa ya .375 mwaka 1912. Msafiri wa meli na garimoshi alitaka mzigo mfupi, ndipo mafundi wakabuni namna ya kutenganisha mtutu na kitako. Ugumu umo katika kuviunganisha tena: kiungo kikilegea kidogo tu, shabaha hupotea.

Kitako chenyewe huchongwa kwa mti wa jozi, ulio mgumu bila ya kuwa mzito mno. Fundi huchagua ubao ambao nyuzi zake zimenyooka pale shingoni, kwani teke la bunduki kubwa hupasua ubao wenye nyuzi za mkingamo. Adui wa ubao ni unyevu. Ukivimba au ukipindika, huusukuma mtutu, na risasi huenda kombo. Kwa hiyo mafundi wengine hugandisha nyuzi za kioo au za kaboni kwa gundi, na wengine hubandika mbao nyembamba tabaka kwa tabaka. Vitako hivyo havina urembo wa jozi, lakini mvua haivibabaishi.

Nilikwama mahali pamoja. Ndani ya kasiba mna mistari iliyochimbwa kwa kuzunguka, ambayo huizungusha risasi ili isiyumbe hewani. Nilitafuta jina lake, nikalikosa. Msichana mmoja, binti wa seremala, akasema kutoka nyuma: "Si mifuo hiyo, Mwalimu?"

Ilikuwa mifuo. Neno nililolihitaji lilikuwa kwa baba yake, juu ya meza ya randa na patasi, nami na shahada zangu sikulijua.

Walimu wenzangu, tunawasuta vijana kwa kukidharau Kiswahili, ilhali sisi wenyewe hatujawahi kubisha hodi kwa fundi. Muhula ujao kila mwanafunzi wangu ataniletea maneno 20 kutoka kwa seremala, mhunzi au makanika wa kwao. Mwalimu wao ataleta 20 yake pia.