Deni la Mwenye Duka

Kaunta buku ilikuwa wazi juu ya mfuko wa sukari, nami nilikuwa nasubiri chenji. Si adabu kusoma daftari la madeni la mtu, lakini macho hayana pazia. Kila mdaiwa alikuwa na ukurasa wake: Fundi Seremala, Mama Vitumbua, Bodaboda wa Kona, Mwalimu. Ukurasa uliokuwa wazi siku hiyo ulikuwa na jina lililonisahaulisha chenji yangu: Mwenye Duka.

Sukari nusu, 1,500. Soda, 700. Nauli ya mtoto, 1,000. Mchango wa harusi, 20,000. Soda tena, 700. Kalamu ya bluu kwa kilichochukuliwa, nyekundu kukata kilicholipwa. Pembeni ya mchango wa harusi paliandikwa "nusu", na chini yake, kwa tarehe ya wiki mbili baadaye, "imeisha".

"Huyu nani, mama?"

"Mimi."

"Unajikopesha?"

"Duka ndilo linalonikopesha. Mimi mteja tu kama wewe. Tena mteja msumbufu."

Kesho yake nilirudi. Alikubali kuzungumza kwa sharti moja: nisitaje jina lake wala mtaa. "Madeni ya watu yamo humu, mwanangu." Basi itoshe kusema ni Dar es Salaam, uswahilini, duka la dirisha moja lenye nondo, bidhaa zake zikitoka Kariakoo.

Hilo ni duka lake la pili. "La kwanza nililila," alisema, huku akipima mafuta ya kula ya mia tano bila kumwaga tone. "Watu wanasema duka limekufa. Halikufa. Asubuhi natoa mkate, mchana soda, jioni mchele wa nyumbani. Kuna msiba, natoa. Kuna kikoba, natoa. Najiambia, si changu? Mwaka haujaisha nikaenda Kariakoo na elfu arobaini, wakati duka nilianza na laki sita. Sikuibiwa hata senti."

Semina za ujasiriamali haziishi kusema: tenganisha fedha za biashara na za nyumbani. Ushauri ni mzuri. Wasichotuambia ni namna ya kuzitenganisha pale mkono unaoweka fedha kwenye droo ndio huohuo unaozitoa. Mama huyu alipata jibu kwenye karatasi. Hajikatazi kuchukua, anajiandika. Kila Jumapili jioni anajilipa posho ya 50,000. Kabla haijaingia kwenye pochi, anafungua ukurasa wake na kukata madeni. "Kuna Jumapili naondoka na elfu kumi na tisa. Siku hiyo najua nilikula sana."

Nilimsimulia kuhusu Luca Pacioli, mtawa wa Kifransisko ambaye kitabu chake cha mwaka 1494, kilichochapwa Venice, kilieleza namna wafanyabiashara wa mji huo walivyotunza hesabu. Humo alishauri matumizi ya nyumbani nayo yawe na hesabu yake.

"Na yeye alikuwa na duka?"

"Hapana. Mtawa."

"Basi hakuletewa kadi za michango."

Simu janja anayo. Mpwa wake aliwahi kumwekea programu ya mauzo. Aliitumia siku tisa. Saa kumi na mbili jioni, foleni ikiwa dirishani, programu ilimtaka aandike kilo ngapi za sukari zimeuzwa, wakati mteja hajataja kilo. Amesema "sukari ya mia tano". Kwa hiyo aliifuta, lakini simu hakuiweka kando. Kila usiku akishafunga, anapiga picha kurasa zote za siku hiyo na kumtumia binti yake kwa WhatsApp. Msimu mmoja wa mvua maji yaliingia ndani na daftari likalowa. Madeni yalisalimika kwenye simu ya binti.

Tangu M-Pesa iingie nchini mwaka 2008, droo imegawanyika: fedha nyingine ziko kwenye mbao, nyingine hewani. Yeye ana namba mbili. Lipa namba ni ya duka, na imebandikwa kwenye nondo. Namba yake ya kawaida ni ya ndugu na michango. Mteja akimwonyesha ujumbe kwenye simu yake, haangalii. Anasubiri wa kwake uingie, na ukichelewa anaangalia salio. "Meseji mtu anaweza kuitunga. Salio halitungwi."

Kwenye kila mfuko wa sukari wa kilo 50 anaandika kwa kalamu ya wino mzito tarehe aliyoufungua. Ukiisha, anahesabu siku. Mfuko ukiisha mapema kuliko kawaida na fedha hazijaongezeka, anaukagua mzani kwanza, halafu msaidizi, halafu ukurasa wake mwenyewe. "Mara nyingi mwizi yuko kwenye ukurasa wangu," alisema akicheka.

Daftari lina faida hata mbele ya mtoza kodi. Katika jedwali la wafanyabiashara wadogo lililopitishwa mwaka 2019, mwenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 7 na milioni 11 kwa mwaka alitakiwa kulipa 250,000 kama haweki kumbukumbu. Aliyeziweka alilipa 90,000 na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7. Kwa mauzo ya milioni 9, hiyo ni 150,000. Kaunta buku moja, laki nzima.

Nilipokuwa nafunua kurasa za nyuma, kwa ruhusa yake, niliona madeni yaliyokatwa kwa neno badala ya mstari mwekundu: "imesamehewa". Mjane mmoja. Kijana aliyepata ajali ya pikipiki. Kwenye ukurasa wa Mwenye Duka neno hilo halimo hata mara moja. Lakini kuna mstari mmoja ambao haujakatwa, na kila anapoanza daftari jipya anauhamisha kwa mkono wake: hospitali ya mama, 180,000. Mama yake alishafariki.

"Angekuwa mteja mwingine ungemsamehe," nilimwambia.

"Ningemsamehe."

"Sasa?"

Alifunga daftari taratibu, akalilaza juu ya mfuko. "Lile sina mamlaka nalo. Duka ndilo linalonidai."

Nikamuuliza duka ni nani. Alinitazama kama anayetaka kujibu. Mtoto akagonga sarafu kwenye nondo: "Mama, chumvi ya mia mbili." Akanyanyuka kumpimia.