Kivumishi "Riparian": Maana na Matumizi Yake

Makala haya yanakusudia kueleza maana ya kivumishi cha Kiingereza "riparian". Neno hili ni adimu katika mazungumzo ya Waingereza wenyewe, lakini nchini Kenya limekuwa la kila siku. Katika Kaunti ya Kajiado, kuanzia Gataka hadi Kitengela, mtu anayetafuta kiwanja karibu na mto hana budi kulifahamu.

Asili yake ni neno la Kilatini "ripa", yaani ukingo wa mto. Kwa hiyo kivumishi hiki hueleza mahali kitu kilipo kwa kuhusiana na mto. Miti yenye sifa hii ni ile iotayo ukingoni, na dola zenye sifa hii ni zile zinazopakana na mto mmoja. Kwa pwani ya bahari au ziwa Kiingereza kina kivumishi kingine, "littoral", ingawa sheria ya Kenya hutumia "riparian" hata kwa maziwa.

Katika matumizi ya Wakenya, kivumishi hiki kimeimeza nomino yake. Husemwa kwamba fulani "amejenga kwenye riparian". Na usemi huo ulienea zaidi majengo kadhaa yalipobomolewa jijini Nairobi mwaka 2018. Kisarufi jambo hili si geni, kwani Kiswahili nacho husema "wakubwa" bila ya kutaja watu. Tatizo limo katika maana. Neno likishakuwa nomino, wengi hudhani kwamba ni jina la ardhi ya serikali. Sivyo. Kanuni za Usimamizi wa Rasilimali za Maji za mwaka 2007 zilieleza kuwa ni ardhi ambayo mmiliki wake amewekewa wajibu fulani kwa sababu ya ukaribu wake na maji. Basi sifa hii haisemi ardhi ni ya nani. Yasema ipo wapi na itumiweje.

Wapo pia wanaodhani kinyume chake, kwamba hati ya kumiliki huiondoa sifa hiyo. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 zilikataza kulima na kujenga katika eneo lisilopungua mita 6 wala kuzidi mita 30 kila upande wa mto, likipimwa kwa kufuata kiwango cha juu kabisa cha mafuriko kilichopata kurekodiwa. Mafuriko ya mwaka 2024, yaliyowazingira wakazi wa Kitengela, yalidhihirisha kwamba maji hayasomi hati.

Kwa tafsiri, Kiswahili hakina haja ya kukopa. Kihusishi "-a" chatosha: ardhi ya ukingoni mwa mto, miti ya ukingoni, nchi za ukingoni. Muundo huu una faida moja kubwa: hauruhusu nomino kupotea. Mnunuzi aambiwaye kwamba kiwanja ni "ardhi ya ukingoni mwa mto" hahitaji kamusi ili atambue hatari iliyopo, na ataweza kuuliza mapema ni mita ngapi zisizoruhusiwa kujengwa.