Nyumba ya Mahindi

Juma hili nataka tuitazame Mshangano, kata iliyo pembezoni mwa mji wa Songea. Huko, kama kwingineko mkoani Ruvuma, mtu wa kawaida hajengi kwa mkopo wa benki. Hujenga kwa mahindi. Mavuno yakiuzwa, tanuri la matofali huwashwa. Mwaka wa pili ni msingi, wa tatu kuta. Bati husubiri bei nzuri.

Njia hii haina riba, lakini hulaza mtaji. Fedha iliyo ukutani hainunui mbolea wala mashine ya kukoboa, ingawa umeme wa gridi ya taifa ulifika Songea mwaka 2018.

Dawa yake ni upimaji. Kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, mwenye kiwanja kilichopimwa aweza kupata hati ya hadi miaka 99, na hati hiyo yaweza kuwekwa rehani. Sheria hiyo hiyo inadai mwenzi wa ndoa aridhie kwanza, maana deni likishindikana, familia nzima hulala nje.

Haba na haba hujaza kibaba. Mimi naongeza: ndugu yangu, kabla ya bati, mwite mpimaji.