Kila Tope Lina Kwao

Haya wanangu, leo hakuna sungura wala fisi. Mhusika wetu ni tope.

Tukipanda meli Aleksandria tukaelekea kaskazini, baada ya muda pwani ya Misri itapotea machoni. Chini yetu, kwenye kina kinachopita mita elfu moja, kumerundikana mashapo mazito yaliyoletwa huko kwa mamilioni ya miaka. Watafiti huteremsha bomba refu la chuma lenye uzito mkubwa kichwani, likajidunga sakafuni, kisha wakalivuta juu likiwa limeshiba tope. La juu ni jipya, la chini ni la kale. Ukilifinyanga mkononi ni laini, basi. Halisemi lilikotoka.

Najua mtapaza sauti: Naili! Vema, lakini Naili ipi? Mto huu una mikono miwili mikubwa inayokutana Khartoum. Naili Nyeupe hutoka kwetu, Ziwa Viktoria, ambako miamba mingi ina umri unaopita miaka bilioni 2.5. Naili ya Buluu hushuka kutoka nyanda za juu za Ethiopia, na huko kuna basalti, yaani lava iliyomwagika na kuganda karibu miaka milioni 30 iliyopita. Kwa jiwe, huo ni utoto. Halafu yupo mgeni wa tatu asiyehitaji mto: vumbi la Sahara, ambalo hupeperushwa na upepo hadi baharini.

Sasa, jiwe zee na jiwe changa hutofautianaje hata baada ya kusagwa na kuwa unga? Hapa ndipo penye utamu. Atomu za elementi moja zinaweza kupishana uzito, nazo huitwa isotopi. Ndani ya mwamba, rubidi 87 hugeuka polepole kuwa stronti 87, na samari 147 hugeuka kuwa neodimi 143. Nikisema polepole, nina maana yake: nusu ya rubidi hiyo huhitaji karibu miaka bilioni 49 kugeuka, ilhali dunia nzima haijafikisha bilioni 5. Miamba ya kale ya mabara ilijaliwa rubidi nyingi na samari kidogo. Kwa hiyo, kadiri ilivyokaa, stronti 87 ilizidi kujaa ndani yake, huku neodimi 143 ikibaki nyuma. Basalti ya Ethiopia ilitoka juzi tu katika vina vya dunia, penye uwiano tofauti kabisa. Ukigawanya stronti 87 kwa stronti 86 ndani yake, unapata karibu 0.704. Vumbi la Sahara hupita 0.71. Mtaona tofauti hiyo ni ndogo mno, lakini kwa mashine inayopanga atomu kwa uzito wake ni pengo kubwa. Na mto usage utakavyosaga, uwiano wa neodimi hautikisiki.

Kabla ya kupima, tope huoshwa kwa asidi ya siki. Kwa nini? Limejaa magamba ya viumbe vidogo vya baharini, na magamba hayo yalichota stronti kwenye maji ya bahari, si mlimani. Yakiachwa humo yatatoa ushahidi wa uongo. Punje zinazobaki huyeyushwa kwa asidi kali inayokula hata kioo, ndiyo maana haiwekwi kwenye chupa ya kioo.

Majibu yake huwatia watu wa Maziwa Makuu adabu kidogo. Tumezoea kujigamba kwamba Naili ni yetu, na kweli maji yetu ndiyo huubeba mto wakati wa kiangazi. Lakini matope? Mto Kagera huyakusanya Rwanda, Burundi na Tanzania, ikayamwaga Ziwa Viktoria, yakatua humo. Yanayookotwa mbele hunaswa Ziwa Kyoga, mengine Ziwa Albert, na yanayoponyoka huingia kinamasi cha Sudd huko Sudan Kusini, ambako mto hutawanyika ndani ya mafunjo na kukosa nguvu. Naili Nyeupe huchangia chini ya asilimia 5 ya mashapo ya mto mzima. Yaliyosalia karibu yote ni ya Ethiopia, yakiletwa na Naili ya Buluu na mto Atbara wakati wa mafuriko ya masika yao, Julai hadi Septemba.

Basi kila tabaka la bomba letu ni mchanganyiko wa basalti na vumbi, na kama unavyoitazama chai ukajua maziwa yametiwa kiasi gani, mtaalamu hutazama uwiano akakadiria kila upande umetia nini. Stronti pekee haitoshi, maana hubadilika pia kwa ukubwa wa punje. Ndiyo sababu neodimi huitwa kuwa shahidi wa pili.

Kuna tabaka moja jeusi linalopendwa sana na watafiti, la kati ya miaka 10,000 na 6,000 iliyopita. Ndani yake basalti imeongezeka na vumbi limepungua. Wakati huo Sahara ilikuwa na nyasi, maziwa na viboko, na mvua za Ethiopia zilikuwa kubwa. Naili ilimwaga maji matamu mengi mno yakatanda juu ya yale ya chumvi, hewa ikashindwa kufika chini, na mabaki ya viumbe hayakuoza vizuri. Weusi ule ni wao. Juu ya tabaka hilo vumbi linarudi: jangwa limeanza upya.

Tangu Bwawa Kuu la Aswan likamilike mwaka 1970, basalti haifiki tena baharini ila kidogo sana. Ufuo wa Rashid, uliokuwa ukilishwa na mto, umeliwa na mawimbi hadi Misri ikajenga kuta kuuzuia. Kwa hiyo mkitaka kupima tope jipya la Ethiopia, msihangaike na meli wala bahari. Nendeni Ziwa Nasser, lile la nyuma ya bwawa hilo, upande wa Sudan, ndiko linakorundikana.