Mzega wa Zege

Barabara kuu ya I-8, ikitoka San Diego, California, kuelekea Arizona, hukutana milimani na bonde la kijito cha Pine Valley. Daraja linalovuka bonde hilo lilifunguliwa mwaka 1974. Urefu wake unapita mita 500, na kutoka barabarani hadi kijitoni ni zaidi ya mita 130. Wengi huuliza nguzo zake zimesimamaje. Mimi naona swali gumu ni jingine: kabla pande mbili hazijaungana, barabara ilishikiliwa na nini hewani?

Zamani jibu lilikuwa miti. Daraja la tao la Bixby, pwani ya California, lilijengwa mwaka 1931 na 1932 juu ya jukwaa kubwa la mbao lililobeba zege mpaka likakomaa. Kwenye kina cha Pine Valley, jukwaa la namna hiyo lingekula mali na muda.

Wahandisi wakashika njia ambayo Mjerumani Ulrich Finsterwalder aliitumia Balduinstein, kwenye mto Lahn, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mfikirie mchota maji mwenye mzega begani. Ndoo zikilingana, mti hutulia. Mwaga moja, mzigo wote hupinduka. Hapa bega ni nguzo. Kipande cha zege humiminwa upande huu, kingine upande ule, kisha kalibu husogezwa mbele na kazi huanza upya, hadi mkono wa nguzo moja ukutane na wa nguzo ya pili katikati ya bonde.

Ila zege, lenye nguvu kubwa likikandamizwa, hupasuka upesi likivutwa, na mkono ulioning'inia huvutika upande wa juu. Ufundi wenyewe upo hapo. Ndani ya zege huachwa mirija ya kupitishia nyaya za chuma. Zege likishakomaa, nyaya huvutwa kwa jeki na kufungwa zikiwa zimekazwa. Kwa kuwa zinang'ang'ania kurudi urefu wake wa awali, hubana kipande kwa kipande. Panga vitabu sita mezani, vibane kwa viganja viwili, uvinyanyue: havina gundi, wala havidondoki.

Kabla ya Pine Valley, Marekani haikuwa imewahi kujenga daraja la namna hii kwa zege la kumiminwa palepale hewani.

Ukipita penye daraja linalojengwa hivi, hesabu vipande kila upande wa nguzo. Kwa kawaida tofauti haizidi kimoja.