Kingamwili Zikishuka, Hatari Hupanda Kiasi Gani?

Wiki chache baada ya chanjo ya UVIKO-19 au ya mafua makali, kingamwili hujaa kwenye damu hadi kufikia kilele chake, kisha huanza kupungua. Kupungua huko hakuna maana kwamba chanjo imeharibika. Seli nyingi zilizotengeneza kingamwili kwa pupa siku za mwanzo hufa, na kingamwili za aina ya IgG, zisipoongezwa nyingine, hubaki nusu katika siku 21 hivi. Kuanzia hapo damu hutegemea seli chache zilizopata makazi ndani ya uboho wa mifupa, ambako huweza kuishi miaka. Ndiyo sababu kiwango huporomoka kwanza, kisha hushuka taratibu.

Kiwango gani basi kinatosha? Kwa mafua makali, kipimo kinachotumika hadi leo kina mizizi katika utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1972. Watu waliojitolea walipimwa damu, kisha wakatiwa virusi vya mafua puani kwa makusudi. Upimaji wenyewe ni rahisi kuueleza: seramu huzimuliwa hatua kwa hatua, ikachanganywa na virusi pamoja na chembe nyekundu za damu. Virusi visipozuiwa, huzishikamanisha chembe hizo. Mtu ambaye seramu yake inavizuia hata ikizimuliwa mara 40 huhesabiwa kuwa hatari yake ya kuambukizwa ni kama nusu ya ile ya asiye na kingamwili. Namba hiyo 40 imezoeleka mno hata wengine huichukua kama mpaka wa usalama, ilhali ni alama tu iliyowekwa katikati ya mteremko ambao hatari hupungua kidogo kidogo kadiri kingamwili zinavyoongezeka. Wapo walio juu yake wanaougua, na wapo walio chini yake wasiopiga hata chafya.

UVIKO-19 ulionyesha mteremko huohuo. Katika hospitali ya Sheba nchini Israel, miezi ya mwanzo ya 2021, wahudumu wa afya 1,497 waliokwisha kuchanjwa chanjo ya Pfizer walipimwa, na 39 kati yao wakakutwa wameambukizwa. Kingamwili zenye uwezo wa kuzima virusi, zilizopimwa karibu na siku za maambukizi, zilikuwa kama theluthi moja tu ya zile za wenzao waliolinganishwa nao ambao hawakuambukizwa. Hata hivyo theluthi si sifuri: wengi wa walioambukizwa walikuwa na dalili nyepesi au hawakuwa nazo kabisa.

Mwaka huohuo watafiti wa Australia walikusanya data za chanjo 7 wakapata picha pana zaidi. Ili kupunguza maambukizi yenye dalili kwa nusu, mtu alihitaji takriban asilimia 20 ya kiwango cha wastani cha kingamwili za wagonjwa waliopona. Kwa ugonjwa mkali, asilimia 3 hivi ilitosha. Tofauti hiyo inatokana na mahali na muda. Virusi hutua kwanza puani, ambako IgG ya damuni hufika kwa uchache, na huanza kuzaliana mara moja. Kushuka hadi mapafuni na kuleta madhara makubwa huchukua siku kadhaa, muda ambao seli B za kumbukumbu hupata nafasi ya kuamka na kutoa kingamwili mpya, huku seli T zikiangamiza seli zilizokwisha kuvamiwa.

Inawezekana kudai kwamba kingamwili ni dalili tu ya kinga, na kwamba kazi yenyewe inafanywa na kitu kingine. Dai hilo lilijibiwa na dawa ya Evusheld, ambayo ni kingamwili tupu zilizotengenezwa maabara na kudungwa mwilini. Katika majaribio ilipunguza UVIKO-19 wenye dalili kwa takriban asilimia 77, bila chanjo yoyote. Kisha kikaja kirusi cha Omicron, kilichotambuliwa Novemba 2021 Botswana na Afrika Kusini, kikiwa na mabadiliko zaidi ya 30 katika protini ya miiba yake, ambayo ndiyo kingamwili huishika. Vizazi vyake vilizidi kuikwepa dawa hiyo, na Januari 2023 Marekani ikasitisha matumizi yake.

Kwa hiyo namba ileile kwenye karatasi ya maabara haina thamani ileile kila mwaka. Tena, vipimo vya kawaida vya UVIKO-19 huhesabu kingamwili zinazoshika protini ya miiba bila kuonyesha ni ngapi zinazozima kirusi kinachozunguka wakati huo, na havigusi seli za kumbukumbu. Mei 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani ilishauri visitumike kupima kinga ya mtu baada ya chanjo. Matokeo yanayokaribia sifuri ni jambo jingine, kwani yanaweza kuashiria kwamba mwili haukuitikia chanjo. Wagonjwa wengi waliopandikizwa figo, wanaotumia dawa za kupunguza kinga, hawakutoa kingamwili za kuonekana hata baada ya dozi mbili, na baadhi yao walizipata baada ya dozi ya tatu.