Taarifa ya Ajali Isigeuzwe Siri

Mpakani Busia malori hupita usiku na mchana. Tangu Februari 2018, kilipozinduliwa rasmi kituo cha pamoja cha mpakani, ukaguzi wa nchi zote mbili hufanyika mahali pamoja. Lakini ajali inapotokea, nyaraka zake hutawanyika pande zote za mpaka, na hapo ndipo mabishano huanza.

Tuchukue mfano. Lori la Kenya limemgonga mwendesha bodaboda huko Buhehe, naye akafariki. Mjane wake anafungua madai katika mahakama ya Uganda. Lori lina Kadi ya Manjano ya COMESA, yaani bima inayomlinda mtu aliyeumizwa na gari la kigeni katika nchi zilizomo ndani ya mpango huo. Bima basi ipo. Kinachopungua ni ushahidi. Siku ya pili baada ya ajali, kampuni ya bima ilimtuma mpelelezi wake akapima alama za breki na kumhoji dereva. Mjane anaiomba taarifa hiyo. Kampuni inajibu kwamba ni siri baina yake na wakili.

Mahakama huulizwa mambo matatu. Je, waraka huo unahusu jambo linalobishaniwa? Je, uko mikononi mwa anayeombwa? Je, unalindwa na sheria? Chini ya Amri ya 10 ya Kanuni za Mashauri ya Madai za Uganda, hakimu aweza kuusoma waraka yeye mwenyewe kabla ya kuamua kama dai la siri ni la kweli. Mdaiwa anayekaidi amri ya kutoa nyaraka aweza kufutiwa utetezi wake. Mdai mkaidi naye aweza kufutiwa kesi.

Kuhusu siri, uamuzi mashuhuri ulitolewa Uingereza mwaka 1979. Mjane wa mfanyakazi wa reli aliomba taarifa ya ajali iliyomuua mumewe. Shirika la reli lilikataa, likisema iliandikwa kwa ajili ya wakili. Mahakama ya juu ilisema kwamba haitoshi wakili kuwa miongoni mwa waliokusudiwa. Kesi lazima iwe ndilo kusudi kuu la kuandikwa kwake. Kwa kuwa taarifa ile iliandikwa pia ili ajali nyingine zizuiwe, shirika liliamriwa kuitoa. Uamuzi huo hauzifungi mahakama zetu, lakini hoja yake ina uzito.

Hata hivyo, si kila karatasi hutolewa. Barua baina ya mtu na wakili wake hulindwa. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika Ibara ya 41, humpa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, isipokuwa zile zinazoweza kudhuru usalama wa nchi au faragha ya mtu. Lakini mchoro wa mahali lori lilipomgonga raia barabarani, kwa kawaida, si siri ya ulinzi.

Ndugu askari, yawezekana ninyi ndio mliofika kwanza. Kampuni ina mpelelezi na wakili. Mjane ana daftari lenu tu. Andikeni saa, vipimo, namba ya gari na namba ya Kadi ya Manjano siku ile ile. Nakala ikiombwa kwa utaratibu, itolewe bila kuzungushana wala kudai chochote kisicho halali. Karatasi iliyofungiwa kabatini humnyima yatima ada ya shule, ingawa bima ililipiwa.